Mbwa 19 Buswelu: jinsi mfugaji anavyozidiwa huku akidhani bado anafanya biashara

#1 Mleta uzi

Ndugu zangu, habari za jioni. Wiki iliyopita mtu mmoja aliweka picha za mbwa waliokonda katika kundi letu la wafugaji, na karibu kila aliyechangia alisema kwamba mwenye mbwa wale ni katili na anastahili kufungwa. Mimi sikuchangia neno. Nilizitazama picha zile mara tatu, nikaona sufuria iliyorambwa mpaka ikang'aa, nikaona jike aliyelala bila hata kuinua kichwa kumtazama mpiga picha, nikaona kucha zilizorefuka mpaka zikapinda kwa sababu mbwa hatembezwi, na nikajua kwamba picha kama hizo zingeweza kupigwa nyumbani kwangu. Ndiyo sababu ninaandika uzi huu, nao ni mrefu, kwa hiyo mwenye haraka anisamehe.

Nilianza na jike mmoja wa German Shepherd, ambaye tulimwita Tausi, niliyemnunua kwa familia iliyokuwa inahama Capri Point, hapa Mwanza, kwenda Dodoma. Sikuwa na wazo lolote la biashara. Nilikuwa nimehamia Buswelu katika nyumba ambayo ukuta wake ulikuwa haujaisha, na kulisha mbwa kulikuwa nafuu kuliko kulipa mlinzi. Tausi alipopata joto, yaani siku za kutaka dume, rafiki yangu wa Pasiansi alileta dume wake, na baada ya siku 63 hivi, ambazo ndizo wastani wa mimba ya mbwa, alizaa watoto wanane. Mmoja alichukuliwa na mwenye dume, kama ilivyo desturi yetu ya malipo ya kupandisha, na saba waliobaki niliwauza kwa shilingi 300,000 kila mmoja kabla hawajafikisha wiki kumi, kwa sababu wakati ule Nyamhongolo na Buhongwa zilikuwa zinajengwa kwa kasi, na kila aliyemaliza kupaua alikuwa anatafuta mbwa mwenye masikio yaliyosimama. Nilishika shilingi 2,100,000 kwa kazi ya miezi minne ambayo kwa kweli alikuwa ameifanya Tausi.

Hesabu niliyoipiga usiku ule niliiandika nyuma ya kalenda, na kalenda hiyo bado ninayo. Jike hupata joto takriban mara mbili kwa mwaka. Majike watatu wakizaa watoto saba saba mara mbili, hao ni watoto 42, na 42 mara 300,000 ni 12,600,000. Hakuna kosa la kuzidisha hapo, mnaweza kuhakiki. Kosa ni kwamba nyuma ya kalenda ile hakuna mahali nilipojiuliza mnunuzi wa 35 atatoka wapi. Nilinunua majike wawili zaidi na dume wa Rottweiler mwenye shingo kama gogo, nikajenga banda la matofali lenye vyumba sita, na jamaa zangu wakaanza kunisalimia kwa jina la bosi.

Jambo ambalo anayeingia katika biashara hii halioni mapema ni kwamba mfugaji wa mbwa huuza washindani wake mwenyewe. Anayenunua kuku wa nyama humla. Anayenunua mtoto wa kike wa mbwa wa mbegu, baada ya mwaka mmoja na nusu anakuwa na tangazo lake mtandaoni, na bei yake iko chini ya yako kwa sababu hajajenga banda. Mwaka wa pili nilikuwa nauza kwa 150,000. Mwaka wa tatu kuna mtu alikuja kutoka Usagara, akatazama watoto wa miezi mitatu na nusu, akaniambia kwamba hao wameshakuwa wakubwa, hawatamzoea, na kwamba kama ni 50,000 atachukua mmoja. Nilimfukuza. Baada ya mwezi nilimtafuta kwa simu, naye alikuwa ameshapata wa bure.

Mtoto wa mbwa asiyeuzwa hasimami palepale akisubiri soko. Anapoachishwa kunyonya, kwa kila kilo ya mwili wake anahitaji karibu mara mbili ya chakula cha mbwa mzima, na mama yake, akiwa na watoto wengi wa wiki tatu au nne, anaweza kuhitaji hata mara tatu ya chakula chake cha kawaida, la sivyo mwili wake mwenyewe ndio unaogeuzwa maziwa. Nilikuwa nachukua unga wa dona na dagaa wa mifugo kwa mkopo kwenye duka moja la mtaani, na deni lilipofika mahali ambapo nilikuwa napita barabara nyingine ili mwenye duka asinione, nilifanya jambo ambalo wakati ule liliniingia akilini kama busara: nilipandisha majike wote watatu kwa mpigo, ili watoto watakaozaliwa walipe deni la chakula cha watoto ambao walikuwa hawajanunuliwa.

Hapo ndipo nilipozidiwa, ingawa banda lilikuwa bado safi na hakuna mbwa hata mmoja aliyekuwa amekonda. Yaliyofuata yote, njaa, harufu, ukurutu, yalikuwa ni muda tu. Ninalisema hili kwa sababu watu husubiri kuona mbavu ndipo waseme kwamba mfugaji huyu amezidiwa, ilhali mbavu huonekana mwishoni kabisa.

Kinachokatwa kwanza ni chanjo, kwa sababu kukosekana kwake hakuonekani. Mbwa asiyechanjwa leo, kesho yuko vilevile. Halafu hukatwa dawa ya minyoo, halafu matembezi, halafu usafi wa kila siku, na hapa naomba nieleze, kwa sababu mtu wa mbali anaweza kudhani kwamba anayeishi Mwanza hawezi kukosa maji. Kutoka kwenye mlango wa banda langu ziwa lilikuwa linaonekana lote, linang'aa jua likizama, na mimi nilikuwa nanunua maji ya madumu yanayopandishwa mlimani kwa pikipiki kwa sababu bomba lilikuwa la mgao. Kuosha vyumba sita kulitaka madumu manane. Nikaanza kuosha siku moja na kuacha moja, kisha mara mbili kwa wiki, kisha nikamwambia kijana wa kazi afagie tu kwa jembe. Baadaye naye aliondoka, kwa kuwa mshahara wake wa miezi miwili ulikuwa haujatoka, na sina lawama naye.

Ukurutu ulipoingia sikuita daktari. Nilinunua chupa ya ivermectin, dawa ya vimelea, ile ya ng'ombe, kwenye duka la dawa za mifugo, nikachoma kwa kukisia uzito, na ilipoisha nikapaka oili chafu ya gari, kama nilivyoona wengi wakifanya. Sasa ninajua kwamba oili ile ni sumu inayopenya ngozi, na kwamba mbwa huilamba. Mtoto wangu wa miaka sita naye alipata upele mikononi na tumboni, mke wangu akaniuliza umetoka wapi, nikamjibu kwamba umetoka shuleni.

Kisha ikaja parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa. Jumatatu mtoto mmoja hakula, Jumanne alikuwa anahara damu yenye harufu ambayo aliyewahi kuinusa hahitaji kipimo kingine, na mpaka Jumapili nilikuwa nimezika tisa nyuma ya mgomba. Niliambiwa na watu wa banda jirani kwamba ni upepo. Haukuwa upepo. Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo na kwenye sakafu kwa miezi mingi, hata mwaka, sabuni ya kawaida haiviui, na watoto wale hawakuwa wamechanjwa wala mama zao. Majike wengine walipozaa, niliwaweka watoto wao katika vyumba vilevile.

Katika kipindi hicho niliacha kwenda bandani mchana. Nilikuwa nashuka usiku na tochi ya simu, namwaga chakula, natoka. Mtu akiniuliza nina mbwa wangapi, nilikuwa najibu kwamba ni 12, na sikuwa najiona kuwa ninadanganya. Walikuwa 19. Wale saba walikuwa ni watoto wasionunuliwa ambao kichwani mwangu walikuwa bado ni bidhaa, si mbwa, na wawili kati yao walikuwa majike waliopata joto la kwanza wakiwa chumba kimoja na kaka zao.

Tausi alianguka wiki ya tatu baada ya kuzaa mara ya nne katika muda usiofika miaka miwili. Alikuwa anatetemeka miguu yote, anahema kama aliyekimbia, macho yametoka, na mimi nikadhani majirani wamempa sumu. Daktari wa mifugo niliyemwita usiku ule kwa pesa ya kuazima alimtundikia dripu ya kalsiamu taratibu, mkono mmoja ukiwa kifuani mwa mbwa akisikiliza mapigo ya moyo, na alipomaliza aliniambia, "Hakuna aliyempa sumu. Huyu amekamuliwa." Kisha aliomba tochi, akaingia chumba kimoja baada ya kingine, akahesabu kwa sauti. Ndipo niliposikia 19 kwa mara ya kwanza.

Nitaendelea kesho jinsi nilivyotoka. Ninyi wengine mseme.

#2 Mkazi wa Nyegezi

Ndugu mleta uzi, ninakushukuru kwa ukweli wako, lakini niruhusu niseme kwa niaba ya wanunuzi. Mimi nilinunua mtoto wa Boerboel kwa mfugaji mmoja wa upande wa Igoma, nikaoneshwa kadi ya chanjo iliyojazwa vizuri na kugongwa muhuri, na mtoto yule alikufa siku ya tano mikononi mwa binti yangu. Nilipoitazama kadi ile kwa utulivu niligundua kwamba tarehe ya chanjo ya kwanza ilikuwa ni wiki mbili baada ya kuzaliwa, wakati chanjo ya parvo kwa kawaida huanzia wiki ya sita hadi ya nane, tena hurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka mtoto afikishe wiki 16. Nilipompigia alisema kwamba nilimlisha vibaya.

Wewe unasema ulizidiwa. Ninakubali. Lakini ulikuwa na pesa ya kumnunua dume wa Rottweiler, na hukuwa na pesa ya chanjo? Kuzidiwa ni neno zuri sana la kujifunika, mkuu.

#3 Mleta uzi

Ndugu wa Nyegezi, sina la kupinga. Dume yule aligharimu zaidi ya chanjo za banda zima kwa miaka mitatu. Nilishazipiga hesabu hizo na hazinipi usingizi mzuri. Kadi ya uongo sikuwahi kuandika, lakini niliwahi kuuza watoto bila kadi kabisa, nikimwambia mnunuzi kwamba iko kwa daktari. Pole kwa binti yako.

#4 Bwana Mifugo Mstaafu

Wanangu, nimefanya kazi ya ugani wa mifugo katika wilaya za kanda hii kwa zaidi ya miaka 30, na sehemu kubwa ya muda huo mbwa hakuwa katika hesabu zetu. Ng'ombe alikuwa na josho, mbwa alikuwa na siku moja ya chanjo ya kichaa kwa mwaka, kama chanjo imefika. Kwa hiyo mnaposhangaa kwamba hakuna aliyekuja kukagua banda la mleta uzi, mimi sishangai.

Sheria ipo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inamhusu mbwa wa Buswelu kama inavyomhusu punda wa Magu na ng'ombe aliyemo kwenye lori: anayemiliki mnyama ana wajibu wa kumtunza, na kumtesa au kumtelekeza ni kosa. Nyuma ya sheria za namna hiyo kuna uhuru wa aina tano ambao wataalamu wa Uingereza waliuweka bayana miaka ya 1960 na 1970, yaani mnyama asiwe na njaa wala kiu, asikae katika adha, asiachwe na maumivu wala ugonjwa, awe na nafasi ya kuishi kwa tabia yake, na asiishi kwa hofu. Nilikuwa nawafundisha wafugaji jambo hilo, na mara zote walipofika kwenye tabia yake walicheka, wakisema tabia ya mbwa ni kubweka. Mbwa aliyefungiwa chumba cha hatua tatu kwa mwaka mzima huzunguka palepale mpaka sakafu inachorwa njia. Nimeziona njia hizo kwenye saruji.

Ninataka kuonya juu ya jambo moja ambalo mleta uzi hakuligusa. Mfugaji akishaona majike wanazaa ovyo, wapo wanaomshauri awachome sindano ya uzazi wa mpango ya binadamu. Msifanye hivyo. Dawa zile zinaweza kumfanya jike ajae usaha katika mji wa mimba, naye hufa kwa maumivu makubwa huku mfugaji akidhani jike ana mimba. Kuhasi dume na kumfunga jike kizazi kwa upasuaji ni kazi ya saa chache kwa daktari anayejua, na haina marudio.

Na huyu mbwa wa mwaka mmoja asiyenunuliwa, anayepelekwa usiku na kuachwa karibu na dampo la Buhongwa au kando ya soko, mjue kwamba hajaondoka. Anakutana na mbwa wasiochanjwa. Ili kichaa kisisambae, inatakiwa takriban asilimia 70 ya mbwa wa eneo wawe wamechanjwa, na kila anayetupa mbwa saba wasio na chanjo anaishusha hesabu hiyo katika mtaa wa watu wengine. Akikuuma mbwa usiyemjua, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, halafu hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo.

#5 Muuza Dagaa wa Kirumba

Shikamoo mzee wetu hapo juu. Mimi ninauza dagaa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, na wafugaji wa mbwa ni wateja wangu, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Mfugaji anapoanza huja kuchagua, anaweka dagaa kiganjani, anavunja mmoja, ananusa. Akishaanza kuelemewa haji mwenyewe. Anamtuma bodaboda aniambie nimpe wale wa chini. Wa chini ni wale walioanikwa kwenye mchanga wakanyeshewa, na ukiwapeta unapata kilo ya mchanga ndani ya gunia. Mbwa anakula mchanga huo, na mwenyewe anashangaa kwa nini mbwa anakula sana na hanenepi.

Kuna jambo la mwezi pia. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi hupumzika kwa siku kadhaa, kwa hiyo bei hupanda kila mwezi, jambo ambalo si siri kwa mtu yeyote wa huku. Mfugaji mwenye mbwa watatu huweka akiba ya gunia moja na mbalamwezi inapita. Mwenye 19 hana gunia la akiba, anakula kwa siku, na mimi huwa ninajua kabisa kwamba katika wiki ile ya mwezi mpevu kuna mbwa mahali fulani wanakula uji wa pumba. Wengine hukimbilia mapanki ya sangara, yaani mifupa inayobaki baada ya minofu kutolewa. Hayo nayo yana mafuta na nyama kidogo, lakini mbwa hawezi kuishi kwa mifupa ya samaki peke yake.

#6 Msomaji wa Bwiru

Katika Uingereza, klabu yao kubwa ya mbwa, Kennel Club, tangu mwaka 2012 haiandikishi watoto wa jike ambaye ameshazaa mara nne, na kwa kanuni za England za mwaka 2018, anayezalisha mara tatu au zaidi ndani ya miezi 12 anatakiwa awe na leseni. Huko nako, pamoja na leseni na medali za maonyesho, mara kwa mara hukutwa mfugaji wa miaka mingi akiwa na mbwa wengi katika uchafu. Ninaleta mfano huu ili tusidhani kwamba tatizo hili ni la umaskini wetu peke yake. Tausi wa mleta uzi aliifikia idadi hiyo ya kuzaa mara nne kabla miaka miwili haijaisha.

#7 Mleta uzi

Nimesoma yote, ahsanteni, na shikamoo mzee. Ninaendelea nilipoishia.

Yule daktari hakunipa dawa ya kwanza niliyoitegemea. Nilitegemea aseme nunua hiki, choma kile. Alisema nitenganishe madume na majike usiku uleule, kabla sijalala, hata kama nitalazimika kuwafunga madume jikoni. Nilimwambia kwamba tatizo langu ni chakula. Akajibu kwamba chakula cha mbwa 19 kinaweza kutafutwa, lakini chakula cha mbwa ambao bado hawajazaliwa hakipatikani popote. Nilikasirika, kwa sababu kichwani mwangu uzao unaofuata ndio uliokuwa uniokoe.

Madume walikaa jikoni wiki mbili. Mke wangu alipikia nje, na nadhani hapo ndipo alipoanza kuniamini tena, ingawa hakusema.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ni ya kupunguza, na kupunguza kuna aibu yake. Niliwapigia wanunuzi wangu wa zamani mmoja mmoja na kuwaambia ukweli, kwamba nimeshindwa na nina mbwa wazima wa kutoa bure kwa mtu mwenye ukuta na chakula, kwa sharti kwamba daktari atawahasi na kuwachanja kabla hawajaondoka. Nilidhani watanicheka. Wawili walicheka kweli. Wanne walikuja. Mwenye duka la unga, ambaye nilikuwa namkwepa kwa miezi mitano, alipoambiwa alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba angetaka mmoja wa kulinda ghala lake, na kwamba deni nitalipa kidogo kidogo. Angeniambia hivyo tangu mwanzo kama ningepita dukani kwake. Mficha maradhi, mnajua wenyewe.

Wawili hawakuweza kuokolewa. Mmoja alikuwa na nyonga zilizoharibika tangu udogoni, mtoto wa kaka na dada, akiburuza miguu ya nyuma mpaka ngozi imetoka. Mwingine figo zilikuwa zimekwisha. Daktari aliwapumzisha kwa sindano mchana, kwenye kivuli, nami nilitakiwa niwashike vichwa. Yule wa nyonga alikuwa analamba kifundo cha mkono wangu, mahali palipokuwa na harufu ya dagaa, mpaka ulimi uliposimama.

Vyumba vinne nilivibomoa ili nisishawishike. Viwili vilivyobaki nilivisugua, nikamwagia maji ya klorini na kuyaacha dakika kumi kabla ya kusuuza, na sikuingiza mtoto wa mbwa humo kwa zaidi ya mwaka. Sasa nina watatu: Tausi, ambaye amefungwa kizazi na amenenepa kupita kiasi, binti yake mmoja, na koko mmoja mwekundu aliyejileta mwenyewe kutoka mawe ya mlimani na ambaye, kusema kweli, ndiye mlinzi pekee wa maana niliyewahi kuwa naye.

#8 Kijana wa Kishiri

Kaka, mimi nimesoma uzi huu tangu jana na nimeshindwa kulala. Nina mbwa 11. Majike wanne, na mmoja ana mimba ambayo sikuipanga. Nilianza baada ya kumaliza chuo, kwa pesa ya mama, na mama bado anadhani biashara inakwenda. Wiki hii nimewalisha mara moja kwa siku. Hakuna aliyekonda sana, ni wawili tu, na manyoya yameanza kunyonyoka masikioni kwa wadogo. Ninaomba ushauri, nianze na nini? Nimepata mtu wa Kisesa anayetaka kuniletea dume wa Rottweiler bure, tugawane watoto, na nilikuwa nimeshakubali.

#9 Mleta uzi

Mdogo wangu, mpigie huyo mtu wa Kisesa usiku huu umwambie hapana. Usimweleze sababu, atakushinda kwa maneno.

Halafu chukua tochi uende bandani sasa hivi. Usiende kulisha, nenda uhesabu, chumba kwa chumba, kwa sauti, pamoja na wale wadogo, na uandike ni madume wangapi na ni majike wangapi walio pamoja. Ukimaliza, watoe madume wote uwafungie mahali pengine popote penye mlango. Wale wanaonyonyoka manyoya usiwapake kitu chochote, na usishike watoto wa nyumbani kabla ya kunawa. Kesho asubuhi mweleze mama. Ninajua unadhani hilo ndilo gumu kuliko yote, na ni kweli.

Kishiri si mbali na kwangu. Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuja na yule daktari. Nimeshampigia, amekubali tumlipe nusu nusu. Jike mwenye mimba mpe uji wenye dagaa waliopetwa, mara mbili kwa siku, na maji yasikauke. Tuandikie hapa ukimaliza kuhesabu.

#10 Kijana wa Kishiri

Nimetoka huko sasa hivi. Ni 14. Madume ni watano, nimewafungia stoo ya mkaa, na mama ameamka kwa sababu ya kelele. Amesimama mlangoni na kanga yake, ananiuliza hawa wote ni wetu.